Mwite Rayyan: Jina, Matamshi na Amana ya Mzazi

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi, mwezi wa Ramadhan, kabla ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.). Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake wote.



Ama baad. Najua saa hizi macho ya kila mtu yako kwenye saa na pua iko jikoni, kwa hivyo sitawachosha. Nimepewa nizungumze juu ya malezi. Nami nimeona nianze pale malezi yenyewe yanapoanzia, yaani jina. Na katika majina nimechagua moja tu, kwa sababu mwezi huu ndio mwezi wake. Jina hilo ni Rayyan.

Waulizeni wazee wetu waliosoma madrasa zamani. Watawaambia darasani walikuwa na kina Omar watano, Athman watatu, Swaleh, Abubakar, Hamisi na Ramadhani. Lakini Rayyan? Wengi hawakuwa hata na mmoja. Leo katika madrasa ninayosaidia kusomesha wakati wa likizo ya chuo, ninao watatu. Wa kwanza rejista imemwandika Rayyan. Wa pili ni Rayan, ya moja imepotea. Wa tatu ameandikwa Ryan. Nikiita mmoja, wanaitikia wote watatu, na kila mmoja ana hakika ni yeye aliyeitwa.

Watoto wanacheka, nami nacheka nao. Lakini ndugu zangu, jambo hili lina uzito wake, na ndilo nililokuja kulisema.

MAANA YAKE NI NINI?

Rayyan ni neno la Kiarabu. Maana yake ni mtu aliyekunywa mpaka kiu ikamtoka kabisa. Kinyume chake ni atshan, mwenye kiu. Wale waliosoma sarfu wanajua kwamba asili yake ni rawyan. Wau yenye sukuni ikakutana na yaa, ikageuzwa ikawa yaa, kisha yaa mbili zikaingizwa moja ndani ya nyengine. Ndiyo maana pale katikati pana shadda. Shadda ile si pambo. Ndani yake mna herufi nzima ya asili ya neno.

Sasa tuje kwenye hadithi. Sahl bin Saad (r.a.) amepokea, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Peponi mna mlango unaoitwa Rayyan. Siku ya Kiyama watakaoupitia ni wale waliokuwa wakifunga, na hataingia mwengine pamoja nao. Wakisha kuingia wote, mlango unafungwa.

Hebu tazameni mlango ulivyopewa jina. Mwenye kufunga ana njaa na ana kiu, lakini mlango haukuitwa mlango wa walioshiba. Umeitwa kwa kiu iliyokatika. Na sisi watu wa pwani, saa kumi ya jioni jua likiwa bado kali, tunajua vizuri kwamba njaa unaweza ukaisahau ukishughulika, lakini kiu haisahauliki, koo lenyewe linakukumbusha. Basi mtu aliyekuwa atshan kwa ajili ya Mola wake anaambiwa apite hapa, awe rayyan. Jina limebeba amali na malipo yake kwa pamoja.

KWA NINI LIMEENEA?

Sababu ya kwanza mumeshaiona. Zamani mtoto akizaliwa mwezi huu aliitwa Ramadhani, mambo yakaisha. Siku hizi wazazi wengi vijana wanatafuta jina lenye harufu ya Ramadhan lakini ambalo jirani hana. Rayyan limewafaa.

Sababu ya pili, jina ni jepesi. Halina ain, halina haa ya kooni, halina khaa wala dhadi. Mtu wa lugha yoyote ataliweza, ila ile shadda tu.

Sababu ya tatu ni dunia. Kule Ufaransa, familia zenye asili ya Maghrib zimelipenda sana jina hili na huliandika Rayan. Nyinyi vijana wa mpira mnawajua wawili: Rayan Cherki, aliyezaliwa Lyon mwaka 2003, na Rayan Aït-Nouri anayeichezea Algeria. Wote wawili walijiunga na Manchester City mwaka 2025. Na walioangalia Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 walilisikia jina kila siku, manake kuna mji huko unaitwa Rayyan, na mechi nyingi zilichezwa katika viwanja vyake.

Kuna wazee wanaosema, “Haya majina mapya ni fasheni tu, kwa nini mtoto asiwe somo wa babu yake?” Nawaheshimu sana, na kumpa mtoto jina la babu ni jambo jema, linaunga ukoo. Lakini jina kuwa geni peke yake si aibu. Katika Surat Maryam, aya ya 7, Mwenyezi Mungu anampa Nabii Zakaria bishara ya mtoto aitwae Yahya, na anamjulisha kwamba hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake. Na hata Rayyan si la jana. Wapo wafasiri walioandika kwamba mfalme wa Misri zama za Nabii Yusuf, yule aliyeota ng’ombe saba, aliitwa Rayyan bin Walid. Kwa hivyo tusigombane juu ya ugeni wa jina. Tuulize maana yake, tuulize linatamkwa vipi.

RAYYAN SI RYAN

Sina ugomvi na jina Ryan. Ni jina la watu, lina wenyewe. Lilitoka Ireland kama jina la ukoo, likaenea Uingereza na Marekani. Huko Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, lilikuwa miongoni mwa majina 20 yaliyopendwa zaidi kwa watoto wa kiume. Wengi wetu huku tulilizoea kwa sababu ya Ryan Giggs, aliyeichezea Manchester United tangu 1991 mpaka 2014. Halina uhusiano wowote na Rayyan. Yamekutana mdomoni tu, kama watu wawili waliokutana stejini wakingojea matatu moja.

Yamekutana vipi? Kiswahili chetu hakina shadda, na mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hivyo mtu akilisoma Rayyan haraka, ya moja inaanguka, mkazo unarudi mwanzo, na aa ya mwisho inafupika. Linatoka Rayan. Mwalimu wa shule aliyezoea majina ya Kiingereza akilisikia, analiandika Ryan. Hakukusudia ubaya, ameandika alivyosikia. Na katika Kiarabu chenyewe mara nyingi shadda haiandikwi, msomaji anaijua kichwani. Tunapoligeuza kwa herufi za Kizungu, tusipoandika ya mbili, hakuna atakayeijua.

Basi tulitamke vipi? Nitawapa njia nyepesi ambayo nawafundishia watoto. Kila siku mara tano mnamsikia muadhini akituita kwa neno hayya. Hatamki haya, kama mtu anayesema “haya twende”. Ulimi wake unakaa juu ya yaa kidogo: hay-ya. Mnamsikia? Sasa toeni haa, tieni raa: ray-ya. Ongezeni mwisho, na muuvute kidogo: ray-yaan. Mkazo uko mwisho. Rudieni nyumbani mara tatu na mutakuwa mumelipata. Yaa hiyo hiyo yenye shadda imo katika Alhamdu, pale tunaposema iyyaaka. Na walimu wetu hutukemea kweli kweli tukiipunguza pale, kwa sababu maana inaharibika. Ulimi unaoweza kusema hayya na iyyaaka hauwezi kushindwa na Rayyan.

Na kwa watoto wa kike, Kiarabu kina jina la pacha wake: Rayya. Hili katika familia za Oman na za Unguja limekuwepo tangu zamani, si la mtindo. Lakini nalo lina mtihani wake huku kwetu. Ukiiangusha shadda, msichana anaitwa Raya, na wenzake shuleni wanamwita raia, kama kwamba ni mwananchi anayekwenda kupiga kura. Mtoto anaona haya, anataka kubadilisha jina. Tiba yake ni ile ile: hay-ya, ray-ya.

JE, BABU ZETU WALIKOSEA?

Hapa najua kuna mtu ana swali. Atasema, “Wewe kijana, mbona sisi tunasema Athumani na si Uthman, Selemani na si Sulayman, Fatuma na si Fatima, Hamisi na si Khamis? Wote hao majina yao hayasihi?”

La, ndugu yangu. Yanasihi, na babu zetu hawakukosea. Kila kaumu ina ulimi wake. Mturuki anasema Mehmet, na sote twajua anamkusudia Muhammad. Athumani ni Uthman aliyevaa kanzu ya pwani. Ukisema Athumani, hakuna anayefikiri unamtaja mtu mwengine. Jina limebadilika sauti, lakini mwenyewe hakupotea.

Rayyan akiandikwa Ryan, mambo ni mengine. Hapo jina halikuswahiliwa, limebadilishwa likawekwa la watu wengine wenye maana yao. Mtu akiulizwa, “Jina lako lina maana gani?” akaenda kutafuta kwenye intaneti, ataambiwa habari za Ireland. Mlango wa wenye kufunga hatauona popote. Huo ndio mpaka ninaouona: ulimi ukililainisha jina, si neno. Likipotea lenyewe, mtoto amedhulumiwa.

Na sauti wakati mwengine ni jambo kubwa. Chukueni jina Asiya, ambalo mitaani kwetu ni maarufu. Asiya kwa alifu ndefu na sini ni mke wa Firauni, mwanamke mwema aliyesifiwa. Lakini kwa ain na swadi, neno ni jengine, nalo maana yake ni mwanamke muasi. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba binti wa Sayyidna Umar (r.a.) aliitwa kwa hilo la pili, na Mtume (s.a.w.) akambadilishia, akamwita Jamila. Kwa Kiswahili yote mawili tunayatamka sawa. Kina Asiya wetu wasiwe na wasiwasi, wao wamepewa jina la yule mwema. Lakini mzazi na ajue amempa mwanawe lipi, ili siku mtoto akiuliza, apate jibu.

Mtume (s.a.w.) aliyatazama majina kwa makini. Katika Bukhari imo habari ya babu yake Said bin Musayyib, aliyekuwa akiitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume akamtaka awe Sahl, wepesi. Yule mzee akakataa, akasema hatabadilisha jina alilopewa na babake. Said mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba ule ugumu haukuacha kuonekana katika ukoo wao. Na katika Surat Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kuitana kwa majina ya kubeza. Kwa hivyo wewe unayemwita mwenzako raia kila siku naye anaumia, jiangalie na saumu yako.

AMANA YA MZAZI

Nizungumze sasa na wazazi, na pia na nyinyi vijana mnaokaribia kuoa, maana nawaona wengine mnatabasamu.

Binamu yangu mmoja alipewa jina Rayyan. Siku ya kuandikishwa, mama yake alilitaja jina, karani akaandika alivyosikia, baba akatia sahihi bila kusoma. Cheti cha kuzaliwa kikatoka Ryan. Shuleni mwalimu akaandika Rayan. Cheti cha madrasa kikaandikwa Rayyan. Miaka ikaenda, hakuna aliyejali. Alipofika umri wa kuchukua kitambulisho, maswali yakaanza: wewe ni nani katika hawa watatu? Kisha nyanya yetu akapata nafasi ya kwenda Umra, na yeye ndiye aliyetakiwa amsindikize. Pasipoti haikupatikana kwa wakati kwa sababu ya herufi mbili. Nyanya akaenda na watu wengine, Alhamdulillah alirudi salama. Lakini kijana alikaa nyumbani na uchungu, na haikuwa makosa yake. Yeye siku hiyo alikuwa mchanga amelala kwenye kanga.

Kwa hivyo nina nasaha chache.

Kwanza, kabla ya siku ya saba, siku ya akika, baba na mama wakae wakubaliane jina. Wamuulize mwalimu maana yake na matamshi yake. Wasitosheke na orodha za kwenye simu, kwani huko mna majina yaliyopewa maana ambazo Waarabu wenyewe hawazijui. Na mama asiachwe nje. Katika Surat Al-Imran, aya ya 36, aliyempa Maryam jina lake ni mama yake.

Pili, liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, R-A-Y-Y-A-N, na hiyo karatasi ndiyo impelekewe karani. Usimtajie kwa mdomo. Kisha soma kabla ya kutia sahihi.

Tatu, kama limeshakosewa, usilale. Sheria ya Kenya ya uandikishaji wa vizazi na vifo, Sura ya 149, inampa mzazi nafasi ya kurekebisha jina la mtoto ndani ya miaka miwili tangu kuandikishwa. Ukichelewa, safari ni ndefu: wakili, hati ya kiapo, na tangazo katika Gazeti rasmi la Serikali. Pesa hizo zingenunua mbuzi wa akika ya mtoto mwengine.

Nne, namna moja ya kuandika ifuatwe kila mahali: hospitali, shule, madrasa na pasipoti. Ukichagua Rayan ya moja, basi iwe hiyo hiyo mpaka mwisho. Lililo baya ni mtoto mmoja kuwa na majina matatu.

Tano, mfundisheni mtoto alitamke jina lake mwenyewe bila haya, na awafundishe wenzake kwa upole. Mwalimu wa shule asiye Muislamu akionyeshwa vizuri atajitahidi. Sisi nasi tujitahidi kuyatamka sawasawa majina ya wenzetu Wagiriama, Wataita na Waluo, wasione kwamba tunadai heshima tusiyoitoa.

JINA HALIFUNGUI MLANGO

Nimalizie, maana nasikia vikombe vinagongana.

Tarehe 1 Februari mwaka 2022, kule Morocco, katika mkoa wa Chefchaouen, mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika kisima kikavu chenye kina cha mita 32. Jina lake lilikuwa Rayan. Siku nne watu walichimba mlima, mchana na usiku, na dunia nzima ikalishika jina lake mdomoni. Walipomfikia usiku wa tarehe 5 alikuwa ameshafariki. Kila mtu alilitamka jina kwa ulimi wake, wengine kwa shadda, wengine bila. Lakini hata asiyejua Kiarabu hakulitaja ovyo, kwa sababu alimjali mwenye jina. Hapo ndipo hasa ninapotaka tufike. Tukimjali mtoto, tutalijali jina lake. Mwenyezi Mungu ampokee na awape subira wazazi wake.

Na nyinyi kina Rayyan wangu watatu, nawaona pale nyuma mnasukumana. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza, “Ustadh, mimi nitaingia kwa mlango huo bure, si ni mlango wangu?” Swali zuri. Jibu ni kwamba mlango ule haufunguliwi kwa jina. Anaweza kupita Hamisi, anaweza kupita Mwanajuma, akapita na yule kibarua wa bandarini ambaye jina lake hatulijui lakini amefunga mwezi mzima akibeba magunia juani. Na anaweza mtu akaitwa Rayyan, shadda yake imesihi, cheti chake kimenyooka, naye mchana wa Ramadhan yuko nyuma ya duka anakunywa soda. Huyo jina atakuwa nalo, lakini mlangoni atasimama nje.

Jina ni dua ambayo mzazi amemuombea mwanawe. Kuliandika sawa na kulitamka sawa ni juu yetu sisi wakubwa. Kulifanya liwe kweli ni juu ya mwenye jina.

Tumuombe Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu, awatengeneze watoto wetu, wenye majina ya zamani na wenye majina mapya, na atuite sote siku hiyo kupitia mlango wa Rayyan. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Haya, tende ziko wapi?